Idrissa Mkunga

Idrissa alikuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu, wa zahanati iliyojengwa baada ya vita vya Hitla, kwenye stesheni ndogo ya reli ya kati, magharibi ya Manyoni. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya tofali za udongo na bati juu, na kibaraza ambapo wagonjwa walisubiri. Watu walifuata kwinini, dawa ya macho, dawa ya vidonda, na zaidi ya vyote sindano, maana waliamini ugonjwa usiochomwa sindano haujatibiwa. Idrissa alikuwa mtoto wa hapo hapo. Baba yake, Mwislamu, alikuja na kazi ya reli akafia pale. Mama yake alikuwa Mgogo aliyebaki na dini ya wazee wake. Mdogo wake wa pekee, Tatu, aliolewa na Philipo, kijana Mkristo, akabatizwa Selina. Nyumba nyingi za pale zilikuwa hivyo, zimechanganyika, na hakuna aliyeona ajabu.

Udresa alijifunza Dodoma. Wauguzi wanawake walikuwa haba, kwa hiyo sista mmoja wa Kizungu alimtia wodi ya wazazi, kwanza achemshe vyombo, halafu ashike taa, halafu apokee mtoto. Idrissa alikuwa na mikono myembamba na hakuwa na haraka. Mwisho sista alikuwa anasimama nyuma yake tu, anatazama. Aliporudi nyumbani hakumsimulia mtu habari hizo. Kwao mwanamume hasogelei mlango wa mwanamke mwenye uchungu, hata akiwa mume wake.

Kazi hiyo ilikuwa ya Bibi Martha, mjane wa Kigogo, mnene, mwenye sauti nzito na ulimi usioogopa mtu. Kijiji kile kilikuwa na Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi na Wakimbu, kila mmoja na lugha yake nyumbani, lakini Martha wote walimwita mkunga, kwa Kiswahili, kama walivyosema stesheni na tiketi. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Kisha ikaja masika moja akaamka mkono wa kulia umelegea. Alipona kidogo, lakini vidole havikufunga tena sawasawa. Alificha. Alibeba kuni kwa kushoto na kusalimia kwa kushoto, na wanawake wakadhani ni uzee tu.

Aliyefichua siri yake alikuwa mtoto wa Luciana. Luciana alikuwa mke wa Antipasi, kibarua wa genge la reli, ambaye wakati huo alikuwa kazini mbali na nyumbani. Uchungu wa Luciana ulianza vizuri, halafu ukatoka mkono wa mtoto peke yake. Martha alijua la kufanya, ila mkono wake haukujua tena. Akamtuma dada wa Luciana zahanati, na maneno aliyompa yalikuwa machache: amwambie Idrissa anawe hadi kwenye kiwiko, aje na mafuta.

Idrissa alikwenda. Hakufikiri sana, maana kilichokuwa kichwani mwake ni ule mkono wa mtoto na muda uliokwisha kupita. Aliurudisha ndani taratibu, akamtafuta mtoto miguu, akamgeuza, akamvuta. Mtoto alilia. Martha akakata kitovu kwa mkono wa kushoto, na wanawake watatu waliokuwa mle ndani wakakubaliana kutosema.

Siri ya namna hiyo haikai. Antipasi aliporudi alikuta mke mzima na mtoto wa kiume, akafurahi, akachinja jogoo. Siku chache baadaye mtu akamnong'oneza kazini. Hakumpiga mkewe wala hakugomba. Alikwenda kwa jumbe, akashtaki kwamba dresa ameona alichopaswa kukiona yeye peke yake.

Baraza lilijaa. Jumbe Bonifasi alikuwa mtu mpole asiyependa kesi za chumbani, na aliuliza kama mtu anayetaka kumaliza upesi.

"Uliingia chumbani kwa mke wa mtu. Uliingia kama nani?"

Angejibu kwamba aliingia kama dresa, huenda mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameulizwa, na jibu la kweli ndilo lililomjia.

"Kama mkunga," akasema.

Watu wakacheka. Walicheka muda mrefu, mpaka wengine wakajifuta machozi. Antipasi hakucheka. Karani wa baraza, Simoni, aliyesoma misheni, akasimama akaeleza kwamba dresa amekosea lugha. Mkunga ni mwanamke, akasema, na neno lenyewe ni la wanawake. Mwanamume kujiita mkunga ni sawa na mwanamume kujiita mke wa mtu. Watu wakacheka tena.

Martha alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, miguu ameinyoosha. Hakusimama.

"Neno hilo nililetewa mimi, Simoni, wewe hujazaliwa," akasema. "Reli ilipokuwa inapita hapa, wakati wa Mjerumani, alikuja na mafundi mwanamke mmoja wa Bagamoyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia mkunga ni mwenye kunga, na kunga ni mambo ya ndani, yale yasiyoanikwa barazani kama mnavyoyaanika leo. Mwenye kuyajua na kuyatunza, huyo ni mkunga. Hakuniambia ni lazima awe na matiti."

Simoni akasema tangu lini. Martha akamwuliza kama baba yake si mzazi wake. Simoni akakubali kwamba ni mzazi.

"Alikuzaa yeye?" Martha akauliza. "Mbona unamwita mzazi? Mgonjwa ni mtu, mzazi ni mtu, mkunga ni mtu. Na mjue leo wote, mkono wangu umekufa. Huyu nilimwita mimi."

Akaunyanyua ule mkono kwa mkono mwingine, akauonyesha. Hapo kicheko kikaisha. Wanawake waliokuwa na mimba siku ile waliutazama ule mkono na nyuso zao zikabadilika.

Jumbe alipotoa hukumu hakutoa kwa ukali. Alisema neno huenda bibi analijua kuliko wote, lakini yeye ana vijana wanaokaa na reli mwezi mzima na wake zao wako hapa, na akitamka kwamba mwanamume anaweza kuwa mkunga atakuwa na kesi kila kukicha. Dresa atatoa mbuzi kwa Antipasi. Atatibu homa na vidonda. Asiingie tena kwa mwanamke anayejifungua, na asijiite jina lile.

Jina lile hakujiita tena yeye, wakamwita wengine. Kilabuni wanaume walimpisha kiti wakisema mkunga akae, amechoka kuzalisha. Vibarua waliokuja na kidole kilichopondwa walimwuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Wazazi wa binti aliyekuwa amemposa Manyoni wakapata habari, na mahari ikarudishwa bila maelezo. Idrissa aliendelea kuchemsha sindano zake, akaacha kwenda kilabuni, na jioni alikula nyumbani kwa mama yake.

Selina peke yake ndiye aliyemwuliza. Alikuwa amemletea mlenda, akakaa kibarazani wakati wagonjwa wameondoka, akataka kujua kama ni kweli mkono wa mtoto unaweza kurudi. Idrissa aliona haya, lakini alimweleza, akitazama pembeni, jinsi mtoto anavyolala vibaya na jinsi anavyogeuzwa. Selina alisikiliza kama anayesikiliza habari za safari. Kisha akasema Bibi Martha alikuwa na haki, akachukua bakuli lake akaenda. Wakati huo mimba yake ilikuwa changa na kaka yake hakujua.

Martha naye alikuja zahanati mara mbili baada ya kesi, kumwita. Mara ya kwanza palikuwa na mwanamke wa Kinyaturu anayetoka damu nyingi. Mara ya pili Idrissa hakutaka hata kusikia ni nani. Mara zote mbili alimwamkia, akampa kiti, akamwambia kwamba baraza limekwisha kusema.

"Mimi si mkunga, Bibi," akasema.

Martha alimtazama, akaondoka na mkono wake. Yule wa Kinyaturu alizikwa na mwanawe. Wa pili alipona. Idrissa aliposikia habari za wa kwanza alikaa ndani ya chumba cha dawa mpaka jua lilipokwenda chini. Akajiambia kwamba amekatazwa, na ni kweli alikuwa amekatazwa.

Uchungu wa Selina ulianza mwisho wa masika, njia ya Manyoni ikiwa matope matupu na hakuna lori lililopita. Asubuhi ya siku ya pili Philipo alikuja zahanati, hana viatu, nguo zimelowa hadi magotini. Huyu Philipo naye alicheka barazani siku ile, si kwa ubaya, alicheka kwa sababu wote walicheka. Sasa alisimama mlangoni akashindwa kusema salamu.

"Shemeji, mkono umetoka," akasema.

Idrissa akanawa hadi kwenye kiwiko. Akachukua mafuta. Walikwenda mbio, na njiani Philipo alirudia kusema kwamba yeye amekubali, yeye mwenye mke amekubali, baraza asilijali.

Nyumba ilikuwa tembe la udongo, nje kidogo ya stesheni. Mlangoni alikaa Febronia, mama yake Philipo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimpenda Selina na usiku kucha alikuwa amemshika mgongo. Alipomwona Idrissa alisimama akaziba mlango kwa mwili wake. Mwanawe alipomsihi, akasema kama ni dresa mwingine yeyote, hata Mzungu, angempisha. Huyu ni kaka. Walitoka tumbo moja. Kaka akiona huko, nyumba zote mbili zimekwisha, na mtoto atakayezaliwa ataitwa nani.

Philipo akataka kumsukuma mama yake, mikono ikamshuka. Idrissa akasema wasigombane. Akazunguka nyuma ya tembe, ambako palikuwa na kitundu cha kupitisha hewa, akainama, akamwita Martha, aliyekuwa ndani na Selina. Kupitia ukuta akauliza mkono gani umetoka, una rangi gani, tumbo likoje. Martha akajibu kila kitu. Akamwambia apake mafuta, asivute, asubiri uchungu upite ndipo asukume. Alimsikia bibi akihema. Alimsikia Selina. Martha akajaribu, akatulia, akajaribu tena kwa mkono wa kushoto ambao haukuzoea kazi ile.

"Hauendi," Martha akasema. "Mwanangu, hauendi. Njoo."

Ndipo Selina akasema. Sauti ilikuwa karibu sana, kana kwamba ameweka mdomo kwenye ukuta.

"Mama Febronia, mimi siiti kaka. Naita mkunga. Mkunga yuko wapi?"

Philipo alisema baadaye kwamba mama yake aliposikia maneno yale alikaa chini kwenye vumbi, na mlango ukabaki wazi.

Idrissa hakujua kwamba mlango uko wazi, wala hakwenda kutazama. Alibaki ameinama pale nyuma, mikono imepakwa mafuta, mbele yake ukuta. Huyu ndiye aliyelala naye ngozi moja utotoni, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kisimani. Alijaribu kumfikiria kama Luciana, kama wale wa Dodoma ambao hakujua hata majina yao, akashindwa. Kila alichoambiwa kwa miezi ile, kilabuni na barazani, hata alichomwambia Martha yeye mwenyewe, kilikuwa kimekaa ndani yake sasa, kikimwambia kwamba wao wamesema kweli, mwanamume haingii.

Akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuomba toroli. Genge lilikuwa na toroli stesheni. Wangemlaza Selina juu yake wamsukume mpaka Manyoni kwa daktari. Akaenda mbio. Alijua urefu wa reli ile. Alijua mtoto aliyekaa hivyo hangojei toroli. Hata hivyo alikimbia, na alipokuwa akikimbia alihisi nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomwandama maisha yake yote.

Stesheni masta, Mhindi mzee, hakuleta ubishi. Alipiga simu stesheni ya mbele njia ishikwe wazi, akawapa vibarua wanne, na mmoja wao alikuwa Antipasi, ambaye alilishika toroli bila kuambiwa mara mbili. Walipolifikisha karibu na nyumba, Febronia alikuja kuwalaki uso umetulia.

"Amepumzika," akasema. "Uchungu umekata. Mungu amesikia."

Idrissa aliposikia hivyo akaacha kila kitu akaingia. Hakuna aliyemzuia. Ndani palikuwa na harufu ya moshi na damu. Martha alikuwa amekaa ameegemea ukuta, ule mkono uliokufa ameupakata kama mtoto, hakuinua kichwa. Selina alikuwa amelala kimya, jasho la baridi usoni. Idrissa akaweka mkono tumboni. Lilikuwa limelegea, limebadilika umbo, na chini ya ngozi akamgusa mtoto waziwazi mahali ambapo hapaswi kuguswa hivyo. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Dodoma aliona mara moja, na sista alikuwa amemfunika yule mwanamke shuka akamwambia atoke nje.

Sasa alifanya yote. Alimshika, alimpangusa, alimfunga, alimwinua na kitanda chake pamoja na wale vibarua, na mwiko haukumjia akilini hata kidogo. Selina alifumbua macho njiani kati ya nyumba na reli.

"Umekuja," akasema.

Idrissa akasema ndiyo. Hawakufika kwenye toroli.

Walimzika karibu na nyumba, yeye na mtoto aliye tumboni. Msibani Febronia alisema, tena akilia kwa haki, kwamba mkono wa kaka ndio uliomuua. Uchungu ulikuwa umekwisha kupoa, akaingia yeye akamgusa, akafa. Wanawake waliomsikia walijua mambo nusu nusu, wakaitikia. Martha angeweza kuwaeleza. Lakini Martha alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, na tangu siku ile hakushika tena mwanamke yeyote, hata kumfunga mtoto kitovu alikataa.

Matanga yalipokwisha, Philipo alimfuata Idrissa zahanati. Alikuwa amefunga mzigo. Anakwenda kukata mkonge Tanga. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile.

"Shemeji, ungeingia wakati ule, ungeweza?"

"Ningeweza," Idrissa akasema.

Philipo akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu, akachukua mzigo wake. Treni yake ilikuja mchana. Hakurudi pale tena.

Kabla mavuno hayajaisha, jumbe Bonifasi alikuja mwenyewe, amevaa kanzu yake ya baraza. Wanawake walikuwa wamemwendea, akasema, wengi, wa dini zote, na wengine waliletwa na waume zao. Antipasi pia alisema mbele ya watu kwamba mbuzi yule alimla bure. Kwa hiyo baraza limeondoa katazo. Na Simoni karani amekubali kwamba neno ni la mtu yeyote mwenye kazi ile. Jumbe alisema hayo yote kwa taratibu, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

"Tangu leo mkunga wetu ni wewe," akasema.

Idrissa akamshukuru. Akamwambia yeye ni dresa. Jumbe akadhani ni hasira ya kesi, akambembeleza, akamwambia wakati wa kicheko umepita. Idrissa akarudia lile lile, si kwa hasira, na alipoulizwa sababu akanyoosha mikono yake, akaiangalia. Jumbe aliondoka akiwa hajaelewa.

Wanawake wakawa wanapelekwa Manyoni kwa treni siku zao zinapokaribia. Waliokuwa na mtu wa kuwapokea huko walikwenda. Waliobaki walijifungua na mama zao na mama wakwe, wengine salama, wengine hapana. Idrissa aliendelea na kwinini na sindano. Kilabuni hakuna tena aliyemtania, na akipita watu walimsalimia kwa heshima iliyomfanya atembee upesi.

Mama yake, ambaye siku ile alikuwa kwake akingoja habari, hakuwahi kumwuliza lolote tangu mazishi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na watoto wake walikuwa wawili tu. Asubuhi moja alikuwa anapepeta mtama uani, Idrissa amekaa juu ya kinu akinywa uji, akamwuliza bila kuacha kupepeta kama Selina alimwita mtu kabla ya kufa.

Idrissa akaweka kikombe chini.

"Alikuita wewe, mama," akasema.

Mama akaitikia kwa Kigogo, polepole. Akaendelea kupepeta, pumba zikaruka, na ungo ulipokwisha akachota mwingine.